Dorkasi na Jiwe la Mtondooni

Watu wa ofisini kwetu walimpa Dorkasi jina la Bi Kipimo kabla hajamaliza wiki mbili, na nisiwasingizie wengine, aliyelianzisha ni mimi. Ilikuwa saa nne, tunakunywa chai, nikalalamika kwamba mama lishe siku hizi amepunguza mihogo. Msichana akaweka kikombe chini, akaniuliza kwa adabu zake zote, "Amepunguza kwa kipimo gani, Mama Queen? Kwa idadi ya vipande au kwa uzito?" Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Jina langu ni Devota. Queen ni kifungua mimba wangu. Niko masjala ya ofisi hii, hapa Chumbageni, mjini Tanga, mwaka wa thelathini na moja sasa. Masjala ndiko mafaili yanakolala, na hakuna karatasi inayotoka nje ya geti bila kupita mezani kwangu kupigwa muhuri. Nimeona wakuu saba wakija na kuondoka. Kompyuta zimekuja, zimekufa, zimeletwa nyingine. Muhuri ni uleule na mkono unaoushika ni huu huu. Karani aliyenitangulia, marehemu mzee Laurenti, alinifundisha kwamba barua hupigwa muhuri kwenye saini, lakini ramani hupigwa kona ya kushoto, chini, ili usichafue mchoro. Tangu siku hiyo sijawahi kupiga muhuri wa ramani mahali pengine. Nilikuwa najivunia sana jambo hilo, na nalisema mapema ili mjue mnazungumza na mtu gani.

Dorkasi Zabron alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yake aliteremka kutoka milima ya Bumbuli kuja kukata mkonge, akasema atakaa misimu miwili, akakaa hadi alipozikwa. Msichana alisoma kwa taa ya chemli, akaimba kwaya ya Walutheri, akaenda chuo kusomea upimaji, na aliporudi Tanga alipanga vyumba viwili Nguvumali akamchukua mama yake. Kazini alikuja kwa baiskeli, sketi ameibana kwa pini. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, na mpaka anakuja kwetu hakuwa ameingia kupita vifundo vya miguu.

"Mshambaa na bahari wapi na wapi," nilimwambia siku moja. "Wewe ungepima viazi huko kwenu."

"Viazi vimeshapimwa, mama," akasema. "Bahari ndiyo imebaki."

Na kweli ilikuwa imebaki. Kazi aliyopewa ilikuwa kuratibu: kuzikalisha ofisi sita zinazoshughulika na bahari, kila moja itoe ramani ya mipaka yake, kisha zote zilazwe juu ya karatasi moja. Bandari ina mipaka yake, uvuvi una yake, wa mikoko wana yao, hifadhi ya bahari ina yake, halmashauri ina vijiji vyake, na watu wa ardhi nao wanasema pwani yote ni yao mpaka maji yanapogusa. Kwa miaka mingi kila mmoja alilinda ramani yake kabatini. Mvuvi akikamatwa na hawa, wale wanamwambia alikuwa mahali halali. Mkuu wetu, Bwana Mutasim, mtu mpole wa kanzu za Ijumaa, alimwita Dorkasi akamwambia, "Nataka ramani moja. Moja tu, kila mtu aitie saini."

Ilimchukua miezi kumi na minne. Kuomba ramani kwenye ofisi ya serikali ni sawa na kuomba mkaja wa bibi harusi, kila mtu anakuuliza wa nini. Dorkasi aliomba namba zenyewe kwa njia ya kompyuta, akaletewa karatasi zenye mihuri. Akaziomba tena, akaletewa karatasi zilezile zimepigwa picha kwa simu, zimetumwa kwenye WhatsApp, na kidole cha mtu kimeonekana pembeni. Basi akakaa chini akazinakili namba zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, midomo inamcheza anavyozihesabu.

Siku alipozilaza ramani sita ukutani kwa mara ya kwanza, mbele ya wajumbe wa ofisi zote, mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari, na kalamu ilinidondoka. Msikiti wa Mtondooni ulikuwa baharini. Si karibu na bahari, baharini kabisa, samaki wanasali. Njia ya meli ilikuwa imepanda nchi kavu, ikapita katikati ya shamba la minazi. Mjumbe mmoja aliangua kicheko, wa pili akakasirika akasema hiyo ni dharau kwa ofisi yake, na Bwana Mutasim akazima kipaza sauti.

Dorkasi alieleza taratibu. Alisema namba za ramani zinasomwa kwa kipimo. Kuna kipimo cha zamani, kilichoachwa na Waingereza, na kuna kipimo cha setilaiti kinachotumika leo. Namba ni zilezile, lakini ukizisoma kwa kipimo kisicho chake zinatua mahali pengine, mita mia tatu na zaidi. "Kila ramani imeandikwa kipimo chake chini kabisa, kwa herufi ndogo," alisema. "Nikishajua kipimo, nazigeuza, na msikiti unarudi nchi kavu."

Na ukarudi. Wiki hadi wiki alizigeuza moja moja, na meli zikatoka kwenye minazi. Ikabaki ramani ya sita, ya hifadhi ndogo ya Fungu Pweke, kusini ya Mkwaja. Hiyo haikuonyesha kipimo chake.

Asili ya ramani ile ilikuwa kwetu, kwenye droo ya chuma ya masjala, tangu hifadhi ilipotangazwa. Mtu wa hifadhi akitaka, alipewa nakala iliyothibitishwa. Ofisi nyingine ikitaka, ilipewa nakala ya nakala. Dorkasi aliwaandikia watu wa hifadhi mara mbili kuuliza kipimo. Mara zote mbili walimjibu, "Rejea ramani iliyothibitishwa." Akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, Mama Queen."

"Marahaba, Bi Kipimo. Unataka nini na uso huo?"

"Naomba niione asili ya Fungu Pweke. Dakika mbili tu."

"Asili haitoki kwenye droo, mwanangu. Huo ndio utaratibu tangu wewe hujazaliwa. Nakala unayo, na ina muhuri."

"Nakala haisomeki chini."

"Ina muhuri," nikamwambia. "Unataka nini zaidi ya muhuri?"

Akashukuru akaondoka. Angeweza kwenda kwa Bwana Mutasim akanishtaki. Hakwenda, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa kuheshimu waliomzidi umri, na mimi nikarudi kwenye chai yangu nimeridhika kabisa kwamba nimelinda mali ya serikali.

Ramani ile ilionekana mpya, imechapwa kwa mashine, na namba zake zimepangwa vizuri. Dorkasi aliamua ni ya setilaiti. Akaiingiza kama ilivyo.

Ramani moja ikatimia. Ofisi sita zikatia saini, tukala pilau, Bwana Mutasim akasema Tanga imeonyesha njia. Dorkasi alivaa gauni la kitenge la kijani, akapigwa picha amesimama mbele ya ramani, mikono ameifumbata tumboni. Alikuwa na furaha iliyomfanya aonekane mtoto. Hata mimi nilimpongeza.

Wiki tatu baadaye aliingia mwanamke masjala, mrefu, amevaa buibui lililofifia kwa chumvi, viganja vyake vimechanikachanika. Alikuwa ametoka Mtondooni, kitongoji kilicho mbele kidogo ya Mkwaja. Alijitaja Shemsa binti Humaid. Akaweka barua mezani. Watu wa hifadhi, kwa kufuata ramani mpya, walikuwa wamewapa wakulima wa mwani wa Mtondooni siku kumi na nne wang'oe vigingi na kamba zao. Wasipong'oa, askari watang'oa wenyewe bamvua la mwezi mwandamo, maji yakipwa sana.

Nikamwita Dorkasi. Akaja, akaamkia, akafungua kompyuta yake palepale kwenye kaunta yangu.

"Bi Shemsa, mashamba yenu yako ndani ya mpaka," akasema kwa upole. "Tazama. Mpaka huu hapa, ninyi mko huku. Mmeingia zaidi ya mita mia mbili."

"Mimi sizijui hizo karatasi, mwanangu," alisema Bi Shemsa. "Mimi nalijua jiwe. Twalima mwani hapa mwaka wa ishirini na mbili, tangu marehemu mume wangu yu hai. Jiwe la mpaka lipo kule mwambani, na sisi tupo huku yake. Hatujapata kulivuka hata siku moja, wallahi."

"Jiwe gani?"

"Ati jiwe gani!" Bi Shemsa alinigeukia mimi, kana kwamba nitamsaidia kucheka. "Jiwe lao wenyewe. Waliolipanda walikula kwangu siku tatu. Nikawapikia wali wa nazi na nguru, mkubwa wao alikuwa mfupi, hali pilipili. Leo waniambia jiwe gani?"

Nilimwona Dorkasi anavyoitazama ile ramani yake, kisha viganja vya yule mama. Bi Shemsa hakuwa na kazi nyingine. Minazi ya baba yake iligawanywa kwa kaka zake, na kilichobaki chake duniani ni kamba mia tatu za mwani na wanawake kumi na wanne wanaomfuata. Alimwambia Dorkasi jambo moja tu kabla ya kuondoka.

"Njoo uone kwa macho yako. Wewe si ndiye uliyechora?"

Tulikwenda siku mbili kabla ya bamvua. Bwana Mutasim alitoa gari, na mimi nikapelekwa kuandika taarifa. Nilienda nikinung'unika, maana miaka thelathini na moja nimepiga muhuri ramani za pwani na sikuwa nimewahi kuona haja ya kuiona. Tulitoka alfajiri, tukavuka Pangani, tukafika Mtondooni saa tatu na nusu. Msikiti ulikuwa nchi kavu, mahali pake. Maji yalikuwa yakirudi nyuma kwa kasi na mchanga ukabaki wazi mpaka mbali.

Cha kwanza tulichokiona ni malundo. Nilidhani ni majani yaliyoletwa na bahari. Tulipokaribia nikaona kamba, na vigingi vimevunjwa, na mwani umeanza kulainika kwenye jua, unanuka. Wanawake walikuwa wamekaa kando ya malundo. Askari wa hifadhi walikuwa wamekuja jana yake. Hawakungoja bamvua, walisema wana mashamba mengi ya kung'oa na bora waanze mapema. Walikuwa wameng'oa nusu ya kamba za Bi Shemsa. Kesho yake wangerudi kumalizia.

"Mwani wa wiki tano," alisema Bi Shemsa. Hakuwa analia. "Ulikuwa wabakia wiki moja tu."

Dorkasi alivua viatu. Akapandisha sketi, akakamata kifuani kipimio chake, kifaa cha kusomea namba kwa setilaiti, kama mtu anayebeba kifaranga, akaingia majini nyuma ya Bi Shemsa. Nikawafuata, nikimlaani mzee Laurenti na kazi yake. Maji yalifika magotini. Kila wimbi likija Dorkasi alisimama, akafumba macho, akaendelea. Tulipita shamba lililong'olewa, tukapita lililobaki, mwani umejaa kwenye kamba kama mkufu, tukatembea tena, tukaingia kwenye mwamba.

Jiwe lilikuwepo. Nguzo fupi ya zege, imevaa chaza pande zote, na juu yake herufi na namba zimechongwa bado zinasomeka. Bi Shemsa aliligonga kwa kisu.

"Hili hapa. Mashamba yale kule. Haya, tupo ndani?"

Dorkasi aliweka kipimio juu ya jiwe akangoja. Niliona midomo yake inasoma namba. Akasoma tena. Akatoa karatasi mfukoni, akalinganisha. Uso wake ulikwisha damu. Akakaa chini, palepale majini, sketi na yote, msichana aliyeogopa bahari, akakaa kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mita mia tatu na ishirini," akasema.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ramani yangu imelihamisha jiwe mita mia tatu na ishirini kuelekea kaskazini. Kipimo cha zamani, mama. Ilikuwa ya kipimo cha zamani." Aliniangalia na macho yamemtoka. "Hawa watu hawajavuka. Ni mimi niliyevuka nikawafuata."

Bi Shemsa yeye hakushangaa, alikuwa ameshajua tangu mwanzo. Alimshika Dorkasi mkono akamwinua, akamkamua sketi kama anayemkamulia mwanawe, na hilo ndilo lililomliza Dorkasi, mpaka kamasi.

Alimpigia simu Bwana Mutasim tukiwa bado kwenye mwamba. Mtandao ulikuwa unakatika, ikambidi apige kelele. "Wasimamishe! Ramani ni mbovu! Ramani yangu ni mbovu, mkuu!" Wanawake pwani walisikia. Sijawahi kusikia mtumishi wa serikali akipiga kelele maneno hayo. Kesho yake askari hawakurudi, na kamba mia na hamsini za Bi Shemsa zikabaki baharini.

Tuliporudi ofisini ilikuwa alasiri. Dorkasi hakwenda kwake kubadilisha nguo. Alikuja dirishani kwangu, chumvi imemkaukia shingoni.

"Mama Queen, sasa naomba asili."

Nilifungua droo. Nilimtolea karatasi ile, imekaa humo miaka yote, safi, haijaguswa na jua. Akaitandika juu ya kaunta, pembeni yake akatandika nakala niliyompa. Zilikuwa sawa, mchoro kwa mchoro, namba kwa namba. Kisha wote wawili tukateremsha macho chini.

Kwenye asili, kona ya kushoto, kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo. Ulisema ramani hii imepimwa kwa kipimo cha zamani, na ikatajwa jina lake na mwaka. Kwenye nakala, mahali palepale, kulikuwa na muhuri. Wino wa zambarau, duara kamili, tarehe katikati, umekaa sawasawa pasipo kupinda. Muhuri mzuri. Hapakuwa na herufi hata moja iliyosalimika chini yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi kwa miaka thelathini na moja. Nilingoja anipigie kelele. Hata angenitukana ningesema amenistahi.

Dorkasi alikunja asili akanirudishia.

"Ningekwenda mwanzoni," alisema. "Kabla ya kuchora. Ningekwenda nikalione jiwe."

"Dorkasi, mwanangu, mimi ndiye…"

"Ningekwenda, mama," akasema tena, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Kikao kiliitishwa siku ya pili. Wajumbe wa ofisi sita walikuwepo, wamenuna, kila mmoja amekuja kunawa mikono. Dorkasi alisimama akaeleza kila kitu: jiwe, namba, kamba zilizong'olewa, jina la Bi Shemsa akalitaja mara tatu ili liingie kwenye muhtasari. Aliomba ramani iondolewe mpaka irekebishwe, na Mtondooni waombwe radhi kwa maandishi na wasaidiwe kupanda upya.

Mjumbe mmoja akauliza, "Na kosa hili ni la nani?"

Nilikuwa nimekaa mwisho wa meza, kalamu mkononi. Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Nilijua jibu na nilijua mahali lilipo, kwenye droo, hatua ishirini kutoka pale. Nikasema moyoni, sasa, Devota. Sasa hivi.

"Ni langu," alisema Dorkasi. "Mimi ndiye niliyechora bila kuhakikisha."

Sikusema. Naona aibu kuandika, lakini sikusema. Niliinamisha kichwa nikaandika kwa mwandiko wangu uleule mzuri: *Mratibu amekiri kosa.*

Sikulala vizuri siku hizo. Wiki moja baadaye barua ilifika masjala kutoka juu ili ipigwe muhuri itoke. Dorkasi Zabron ameondolewa kwenye uratibu wa ramani za pwani. Anahamishiwa Handeni, kusimamia ghala la vifaa vya upimaji. Handeni hakuna bahari hata ya dawa. Nilisoma barua mara mbili nimesimama, kisha nikachukua asili na nakala, nikapanda ngazi hadi kwa Bwana Mutasim. Asili ile haikuwahi kutoka nje ya masjala. Siku hiyo ilitoka.

"Mkuu, kosa si la msichana," nikamwambia. Nikazitandika mbele yake. Nikamwonyesha mstari, nikamwonyesha muhuri. "Ni mimi. Na alikuja kuomba asili, nikamnyima."

Bwana Mutasim alivaa miwani akatazama. Alitazama muda mrefu. Nilimwona anavyoelewa, maana rangi ilimbadilika kama ilivyombadilika Dorkasi mwambani. Akainuka akafunga mlango.

"Mama Queen," akasema kwa sauti ya chini, "umepiga muhuri ramani ngapi namna hii?"

"Zote."

"Zote?"

"Ndivyo nilivyofundishwa, mkuu. Kona ya kushoto, chini."

Alikaa. Akavua miwani, akajifuta uso kwa leso. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananitoa jasho. "Mtu anaweza kukosea, tukamhamisha, yakaisha. Ofisi haiwezi kuandika kwamba muhuri umekosea. Tukiandika hilo, kila mpaka wa pwani hii utafunguliwa upya. Kila aliyefungwa, kila aliyeondolewa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Wewe unastaafu karibuni. Nenda kapige muhuri barua ile, mama. Tafadhali."

Alisema tafadhali, na alikuwa na huzuni ya kweli, sitamsingizia. Nikashuka. Niliitandika barua ya Dorkasi mezani, nikafungua wino. Mkono wangu, huu huu wa miaka thelathini na moja, haukujua pa kwenda. Niliusogeza kwenye saini nikaogopa. Nikausogeza chini. Nikaitafuta sehemu nyeupe, isiyo na herufi wala nukta, nikaipata pembeni kabisa, nikagonga.

Dorkasi alikuja kuichukua saa nane. Aliamkia, akatia saini kwenye kitabu changu. Nilimweleza yote, nilikokwenda na nilichojibiwa, na nikamwomba radhi nikiwa nimeushika mkono wake juu ya kaunta, nalia mbele ya watu. Hakuuondoa mkono. Aliisoma barua yake kutoka juu mpaka chini bila haraka, kama anavyosoma kila kitu, akafika mwisho akaugusa muhuri kwa kidole.

"Safari hii, mama," alisema, "kila neno linasomeka."

Akaibana sketi kwa pini, akapanda baiskeli.

Tangu siku hiyo, ofisi ikifungwa saa tisa na nusu, mimi nabaki. Nafungua droo, natoa asili moja moja, naweka pembeni ya nakala yake, na mstari uliofichwa naunakili kwenye daftari la zamani la shule la Queen pamoja na jina la kijiji. Hakuna aliyeniagiza. Daftari likijaa nitalipeleka Handeni mwenyewe, kwa Bi Kipimo, maana yeye ndiye atakayejua la kulifanya. Nimeshafika ramani ya arobaini. Katika hizo, muhuri wangu umekaa juu ya mstari mara thelathini na sita.